Wamama Kumi na Wawili, Roli Moja ya Filamu

Nyinyi vijana wa kamera hapa mtaani Rhonda mliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi, kwa vile nimefunga studio. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo makosa mtakayokuta ni yangu, msimlaumu mtu. Nitaandika vile naongea. Na mjue mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Najua kuna mmoja wenu atasema, shosho, hasira si nzuri kwa presha. Presha yangu niachieni mimi.

Nilianza kwa Mzee Joram Odero, mjini Nakuru, kwa studio iliyokuwa nyuma ya soko. Niliandikwa kufagia. Siku ya kwanza alinituma beseni kutoka chumba cha ndani, nami nikafungua mlango na kuwasha taa, kama mtu yeyote mwenye akili akiingia mahali pa giza. Kumbe kulikuwa na boksi la karatasi za picha limeachwa wazi. Karatasi zote zikaharibiwa na mwanga, hata moja haikupona. Nikajua kazi imeisha kabla ya chai ya saa nne. Mzee hakupiga kelele. Aliingia, akafunga mlango, akazima taa niliyowasha, akawasha ile nyekundu ndogo, akasema, "Kaa." Tukakaa mimi na yeye mpaka macho yangu yakazoea na nikaanza kuona vidole vyangu.

"Sasa umeingia kazini," akasema.

Huyo ndiye aliyenifundisha kila kitu. Kitabu cha kamera kilikuwa na picha za kuonyesha mwanga wa kutosha ni upi, na watu wote ndani yake walikuwa wazungu. Mzee Odero alikitumia kuegemeza mlango. Alikuwa akisema, "Pima mwanga usoni mwa mtu, usipime ukuta. Ukipima ukuta mweupe, mtu wetu atatoka mweusi kama sufuria." Alinifundisha kuosha picha mpaka dawa yote itoke, hata wiki ile mji hauna maji na ni mimi nabeba mitungi. Ukiona picha ya arusi ya mama yako imegeuka rangi ya chai, mjue kuna mtu aliona uvivu wa maji. Na alinifundisha kuandika jina la mtu nyuma ya picha, kwa penseli, kabla haijatoka studio. Kalamu ya wino hupenya mpaka mbele. Alisema uso usio na jina ni kazi ya polisi.

Mimi majina hayanitoki. Mtu wa kwanza niliyempiga picha peke yangu alikuwa Samson Kirui, dereva wa trekta, alitaka picha ya leseni na akakataa kutoa kofia. Wa pili alikuwa mkewe, Dinah, aliyekuja kumkemea. Naweza kuendelea hivyo mpaka kesho, lakini karatasi yenyewe ni ndogo.

Mzee alipofariki aliniachia kamera yake ya macho mawili, ile ya boksi, inayoangaliwa kutoka juu. Nikafungua studio yangu hapa Rhonda. Ndiyo hiyo mliyokuwa mkiona na pazia la bluu, mkidhani shosho anajua picha za passport tu.

Sasa niwaambie kazi iliyonichosha roho. Kwetu mtu akifa, kitu cha kwanza familia inatafuta ni picha. Inataka kubwa, kwa fremu, ya kubebwa mbele ya jeneza, iwekwe kwa meza yenye maua, watu wapite. Na wamama wengi picha hawana. Arusi zote alikuwa jikoni anapika, sherehe zote alikuwa jikoni anapika, anayepiga picha hajawahi kufika jikoni. Kwa hivyo mimi naletewa kitambulisho. Picha yenyewe ukubwa wa kucha, imekwaruzwa, mama amekodoa macho kama ameshikwa na ng'ombe wa wizi. "Ikuze, mathe, tunazika Ijumaa." Nakuza. Nilikuza miaka na miaka. Siku moja watoto wa Dorcas Atieno wa Njoro waliniletea chake, kimevunjika katikati ya pua. Nilifanya nilivyoweza. Kijana wake mkubwa akaiangalia muda mrefu, akasema, "Huyu si mama. Mama alikuwa anacheka." Na nilimjua Dorcas. Alikuwa anacheka kweli, mpaka watu kanisani wanageuka. Mwanamke amechuma pareto na kukama ng'ombe za watu maisha yake yote, na uso uliobaki duniani ni ule uliotakiwa na serikali. Nilitupa taulo la kupangusia mikono sakafuni kwa hasira. Nikasema kabla sijafunga studio nitapiga picha wamama wa Njoro niliokua nao, wakiwa hai, wakijua wanapigwa picha, na wajione wenyewe kwa macho yao.

Hapo ndipo mambo ya kuchagua kamera yalikuja, na haya msikilize, maana ndiyo mliyoniuliza. Nilikuwa na tatu. Nilikuwa na ile ya dijitali ambayo msichana wangu Peris alininunulia. Hiyo unapiga mia mbili, kisha unachagua, na mtu aliye mbele yako anajua hilo, anachoka kabla hujamfikia. Nilikuwa na ile ndogo ya filamu ya picha thelathini na sita, ambayo unaiweka kwa jicho na uso wako wote unapotea nyuma yake. Mama mzee haongei na mtu asiye na uso. Na nilikuwa na boksi la Mzee Odero. Hilo unalishika tumboni, unainamisha kichwa kuangalia kioo, halafu unainua kichwa na kuongea na mtu wako kabisa. Picha yake ni mraba, haina kulala wala kusimama, mtu anakaa katikati kama yuko kwa kiti chake. Na roli moja inatoa picha kumi na mbili, basi. Nikachagua wamama kumi na wawili, kila mmoja picha moja, hakuna ya akiba. Mtasema huo ni wazimu. Lakini nilipowaambia "ni moja tu, Mama, tutulie," walitulia kama hawajawahi kutulia. Niliwakalisha kwa kiti mlangoni mwa jikoni zao, uso ukiangalia nje, moshi nyuma yao. Mlango wa jikoni ni taa nzuri kuliko ile mnayonunua.

Walikuwa Tabitha Wangui, Rael Jepkemoi, Monica Auma, Esther Wambui, Selina Chelagat, Grace Nyaboke, Rebecca Chepkoech, Naomi Wanjiku, Elizabeth Nekesa, Priscilla Tapsubei, Hannah Muthoni na Leah Moraa. Nimewaandika kwa mpangilio wa roli. Wa saba, Chepkoech, ni rafiki yangu tangu tukichuma pareto tukiwa wasichana. Yeye alinikataa mara tatu.

"Mimi picha kubwa sitaki," alisema. "Kubwa ni ya kubebwa mbele ya jeneza. Niliona ya mama yangu, niliona ya Joel." Joel alikuwa kifungua mimba wake.

"Nitakufanya ndogo, Mama Joel."

"Ndogo namna gani?"

"Sema wewe."

Akanionyesha kiganja chake. "Isizidi hapa. Ikizidi hapa, mimi na wewe tumemalizana."

Nikaapa. Nilijipiga kifua mbele ya ng'ombe wake. Akakaa mlangoni, akavua kitambaa kichwani, kitu ambacho hajamfanyia mtu, nywele nyeupe kabisa, na akaniangalia vile anavyoniangalia nikidanganya. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilijua hata kabla ya kuiosha.

Nilipoziosha, nililaza negativu, ile filamu yenyewe, moja kwa moja juu ya karatasi, zikatoka picha ndogo za upana wa vidole vinne. Nilitaka niziweke hivyo hivyo mezani, watu wakae chini, washike moja moja, waweke miwani. Zilikuwa zimelala kwa kaunta siku Felix alipokuja.

Felix ni kijana mpole, amesomea sanaa, alikuwa anapanga maonyesho kwa ukumbi fulani mjini ambao sitautaja. Alikuja kupiga passport. Passport akaisahau.

"Shosho, hizi ni kali," akasema. "Hizi zinataka ukuta."

"Hizi zinataka meza."

"Zikiwa ndogo hivi hazitabamba mtu wa mjini, atapita tu. Tunazikuza mpaka mita moja na nusu. Fremu nyeusi, ukuta mweusi, taa moja kwa kila uso. Watu wasimame, wanyamaze."

"Kuna mmoja hapo nilimwahidi isizidi kiganja."

"Akijiona vile ameonekana, atasahau kiganja. Niamini, shosho. Wewe ni msanii, hujui tu."

Msanii! Miaka yote hiyo nimeitwa mama wa passport, na huyu mtoto ananiita msanii. Hasira niliyo nayo mnadhani ni ya Felix. Ya Felix ni kidogo. Mimi nilijua. Hakuna mtu Nakuru nzima anayejua kuliko mimi picha kubwa kwenye fremu nyeusi ni ya nini, maana ni mimi nilikuwa nazitengeneza. Nilimwambia mara moja, akanijibu, nikanyamaza. Nikajiambia amesoma, mimi sijasoma. Nikampa negativu, akazipitisha kwa mashine, zikaingia kwa kompyuta, akanirudishia. Kisha nikaenda nyumbani nikiimba.

Siku ya kufungua niliwaleta wamama kutoka Njoro. Walivaa nguo za kanisa. Selina alikuwa na viatu vipya vinavyomuumiza na akakataa kuvivua. Mimi mwenyewe ukumbi nilikuwa sijauona ukiwa tayari. Felix alitaka nishangae pamoja na wengine.

Nilishangaa. Mlangoni kulikuwa na meza, chupa kubwa ya maua meupe ya Naivasha, na kitabu cha wageni na kalamu. Ndani giza. Nyuso kumi na mbili zinaning'inia, kila moja kubwa kuliko mlango wa choo, imemulikwa. Wageni wa mjini wamepanga mstari, wanapita polepole, mikono nyuma, vichwa vimeinama kando, wananong'ona. Chini ya kila picha kuna kikaratasi: Mwanamke wa Njoro, Nambari 1. Mwanamke wa Njoro, Nambari 2. Majina yote Felix alikuwa ameyaondoa.

Monica Auma alinishika mkono. "Mama Peris, nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

Nikageuka, nikamwona Leah Moraa ameinama kwa kitabu cha wageni, amekwisha kuandika kwa herufi zake kubwa: Poleni kwa familia, Mungu awatie nguvu. Halafu akainua macho, akaona ukutani ni yeye. Alikaa chini pale pale sakafuni na nguo yake ya kanisa.

Chepkoech alitembea mpaka Nambari 7. Watu wakampisha, hawakumtambua, maana alikuwa na kitambaa kichwani na yule wa ukutani hakuwa nacho. Nywele zake zilizofichwa maisha yote zilikuwa hapo juu kwa taa, na mwanamume mmoja mwenye koti alikuwa anazipiga picha na simu.

"Nyambura," akaniita. Hajaniita jina langu tupu tangu tuwe wasichana. "Mimi nimekufa lini?"

"Hujafa, Mama Joel."

"Na hiki ni kiganja cha nani? Cha Goliathi?"

Felix akaja mbio, ameona mambo yanaharibika. "Mathe, hii ni heshima. Watu wanakuheshimu."

"Mama yako yuko hai?"

"Ndiyo, mathe."

"Basi mtundike hapo kando yangu."

Chepkoech akatoka nje, na wale kumi na mmoja wakamfuata mmoja mmoja, Selina akiwa ameshika viatu mkononi. Chai waliyopikiwa hawakuigusa.

Mimi nilibaki. Nikavuta kiti, nikapanda, na niko na magoti haya mnayoyajua, nikaanza na Nambari 7.

"Shosho, tafadhali! Maonyesho ni wiki mbili, kuna watu wamealikwa!"

"Waje waone ukuta."

"Lakini ulikubali. Ulikuwa hapo, nikakueleza kila kitu, ukakubali."

"Nilikubali. Ndiyo maana nazitoa mwenyewe. Shika hapo chini, ni nzito."

Na alishika, nimpe haki yake. Tulizitoa zote kumi na mbili mimi na yeye, wageni wakituangalia, wengine wakidhani ni sehemu ya sanaa. Mmoja alipiga makofi. Huyo alipata maneno yangu ambayo siwezi kuandika hapa kwa sababu Peris atasoma.

Kesho yake nilienda kwa Felix nikasimama nyuma ya kiti chake. Nikamwambia afungue kompyuta, aitoe ile picha ya Mama Joel.

"Nambari saba ndiyo kali kuliko zote," akasema polepole. "Shosho, hata wewe unajua."

"Najua. Inaitwa nani?"

"Nambari..."

"Inaitwa nani, Felix?"

Nilimtajia, akarudia: Rebecca Chepkoech. Akaandika pia kwa mkono, na baada yake akaandika wengine kumi na mmoja nikimtajia. Halafu akafuta picha. Nikamwambia afute na kule kwa takataka, maana mimi si mjinga, najua mnavyofuta bila kufuta. Alifuta na kule. Macho yake yalikuwa mekundu. Yangu pia, lakini yangu ni ya kukasirika.

Wale wengine nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwapa zao ndogo na kuwaomba msamaha. Walinitukana kidogo, wakacheka, wakazichukua. Kila mmoja nilimuuliza kama naweza kubaki na nakala, na nilifanya vile ningefanya tangu mwanzo kama ningekuwa na akili: nikazitia kwa albamu. Kwetu mgeni akifika, kabla chai haijachemka, anapewa albamu. Anakaa, anaiweka magotini, anafungua, mwenye nyumba anakuja na vikombe akimweleza huyu ni nani na yule ni nani. Watu wetu huonyesha walio hai namna hiyo. Sikuhitaji mtu aliyesomea sanaa kuniambia, na bado nilimsikiliza.

Kwa Chepkoech nilienda mwisho. Nilibeba negativu yake nimeikata kwa makasi kutoka kwa wenzake, imefungwa kwa karatasi pamoja na picha yake ndogo; ile kubwa nilikuwa nimeshaichana. Na nilibeba kamera, ndani nimeweka roli mpya. Sitawadanganya, nilikuwa nataka kumwomba anikalie tena mlangoni.

Alikuwa jikoni anasukuma kuni. Hakuniambia karibu, hakuniambia toka.

"Iko kwa kompyuta ya yule kijana?"

"Imetoka. Nilisimama nikaona."

"Lete hiyo."

Nikampa. Akaiinua kwa mwanga wa mlango. Katika negativu, mnajua, cheupe huwa cheusi. Aliiangalia, akaiangalia, pembe ya mdomo ikacheza.

"Hapa nywele zangu ni nyeusi," akasema. "Hapa ningeolewa tena."

Nikadhani nimesamehewa. Akaitupa motoni pamoja na ile picha ndogo. Ilijikunja, ikatoa moshi mchafu, tukakohoa wote wawili, na picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani ikaisha kwa muda wa kupenga kamasi. Nilisimama hapo nikiwa na hasira, na hakuna mtu wa kuielekezea isipokuwa aliyevaa nguo zangu.

Chepkoech akapangusa mikono. Akaona begi.

"Na hiyo umeleta ya nini?"

"Nilifikiri..."

"Ulifikiri. Lete hapa."

Alinipokonya kamera, akaishika tumboni kama alivyoniona nikishika, akainamisha kichwa. Akanielekeza kwa kidevu kwenye kiti cha mlangoni. Nikakaa. Sijawahi kukaa upande huo. Mimi pia nina ile moja tu ya kitambulisho. Sikujua mikono inawekwa wapi, na jasho lilinitoka mgongoni, mimi niliyewaambia watu elfu watulie.

"Toa kitambaa," akasema.

Nikatoa.

"Sasa nikufanye kubwa ama ndogo?"

"Ndogo, Mama Joel. Tafadhali."

"Tutaona," akasema, na akafinya.